Katuni ya Wakubwa, Folda ya Watoto

MZAZI: Kabla hamjasema lolote, tazameni bango la Sausage Party. Soseji ina macho ya duara, glavu nyeupe mikononi na uso wa furaha. Kwa mtoto wa miaka saba, soseji hiyo ni ndugu yake samaki Nemo. Sasa ifungue filamu yenyewe, iliyoingia katika kumbi za Marekani Agosti 12, 2016. Matusi yanaanza kabla wimbo wa kwanza haujaisha, na mwishoni supamaketi nzima inageuka danguro. Mtu akiuza sumu ndani ya chupa ya soda, hatumuulizi kama alibandika karatasi ya onyo nyuma ya chupa. Tunamuuliza kwa nini alichagua chupa ya soda.

MHAKIKI: Onyo halikuwa la kufichwa, mama. Filamu ilipewa daraja la R, maana yake aliye chini ya miaka 17 haingii ukumbini bila mzazi au mlezi. Ama kuhusu chupa, bila hiyo kinywaji chenyewe kisingekuwepo. Waandishi wake, Seth Rogen, Evan Goldberg, Kyle Hunter na Ariel Shaffir, walijiuliza swali moja tu. Katuni za Marekani zimeshatupa wanasesere wenye hisia, magari yenye hisia, samaki wenye hisia. Je, chakula kingekuwa na hisia, kingeuonaje mdomo wa binadamu?

Swali hilo haliulizwi ila kwa sura ileile ya katuni za watoto. Ndiyo maana wakamwendea Alan Menken, mwenye Oscar nane, aliyetunga muziki wa The Little Mermaid na Aladdin, ashiriki kuwatungia wimbo wa kufungulia. Asubuhi bidhaa zinaamka kwenye rafu na kuanza kuimba. Zinawasifu wanunuzi kama miungu, zikiomba zichaguliwe zivuke mlango wa duka kwenda kwenye raha isiyokoma. Anayezijua nyimbo za Menken anacheka kwa sababu anazijua. Asiyezijua anaona soseji inayotukana tu.

MZAZI: Na anayezijua nyimbo hizo kuliko sisi sote hapa ni mtoto. Juni mwaka huohuo, katika ukumbi mmoja wa Concord, California, familia zilikuwa zimekaa zikisubiri Finding Dory ianze. Ikapigwa trela ya soseji.

MHAKIKI: Kosa la waendeshaji, na ukumbi uliomba radhi. Wasingeomba radhi kama hapakuwa na utaratibu uliovunjwa.

MZAZI: Utaratibu wa wapi, kaka? Huku Uswahilini R ni herufi kama herufi nyingine. Kijana wa laibrari ya muvi hapokei filamu na cheti chake. Anapakua faili, anachungulia, anaona soseji, mkate na kiazi vyenye macho. Ataiweka folda gani? KATUNI, papo hapo na Tom and Jerry. Mama anamtuma mtoto na flashi, "mwambie akujazie katuni," basi imekwisha. Na kwenye kibanda umiza hakuna bawabu wa kuuliza mtu kazaliwa mwaka gani.

MHAKIKI: Basi mwenye kesi ni huyo kijana wa laibrari. Watu wazima wamekuwa na katuni zao tangu sisi hatujazaliwa. Mwaka 1972 Ralph Bakshi alitoa Fritz the Cat, habari za paka anayezurura New York akivuta bangi na kufukuzia wanawake. Ndiyo ilikuwa katuni ndefu ya kwanza kupigwa daraja la X nchini Marekani. Robert Crumb, aliyembuni paka huyo, aliichukia filamu hiyo kiasi cha kumuua Fritz katika vibonzo vyake mwenyewe. Mwaka 1999 ikaja South Park ya sinema, Shetani akiwa na uhusiano wa kimapenzi na Saddam Hussein, na wimbo wake mmoja ukateuliwa kuwania Oscar. Rogen hakuvamia uwanja wa mtu. Alikuta umeshalimwa.

MZAZI: Fritz alijionyesha alivyo kuanzia kwenye bango. Hakuazima sura ya Nemo.

MCHORAJI: Ninyi wawili bado mmesimama mlangoni mkigombania tiketi. Hebu tuingie ndani. Watu huiweka filamu hii kwenye fungu la vichekesho vya ngono, lakini uti wa mgongo wake ni filamu ya kutisha, na imejengwa na watu wanaoijua kazi hiyo.

Chukueni jikoni. Mwanamke amerudi na manunuzi yake. Vyakula vinatolewa mfukoni vimejaa bashasha, vimefika peponi. Kiazi ndicho cha kwanza kuinuliwa, mzee wa Kiireland, naye anaanza kuimba wimbo wa kwao kwa fahari. Anapitishwa kwenye maji ya bomba, na kwa furaha aliyo nayo ungedhani anabatizwa. Halafu kisu cha kumenyea kinashuka usoni. Ganda linabanduka, na kinachobaki chini yake ni nyama yenye macho, inayolia, inayotumbukizwa kwenye maji yanayochemka. Wenzake wanatazama. Vikaroti vinajaribu kukimbia, vinatafunwa vikiwa hai. Kuanzia hapo ni kila mtu na roho yake.

Kamera imekaa chini, usawa wa kaunta, hivyo mwanamke wa kawaida anaonekana kama jitu. Sauti zilizokuzwa ni zilezile za kila jikoni, maji ya bomba na kisu juu ya ubao. Hakuna tone la damu ya binadamu. Mama yeyote amefanya yote hayo leo kabla ya saa sita mchana, na hapo ndipo mwili unaposisimka, kwa sababu filamu haikubuni zimwi lolote. Imekukalisha upande wa kiazi tu.

MHAKIKI: Na kabla ya jikoni kuna ajali ya toroli dukani. Haradali ya asali, iliyonunuliwa kimakosa na kurudishwa baada ya kuona yanayofanyika huko nje, inajirusha sakafuni ipasuke kuliko kubebwa tena. Mfuko wa unga unapasuka, vumbi linatanda kama baada ya bomu, na katikati yake majeruhi wanatangatanga. Ndizi ganda la uso limechunika. Aliyewahi kuona filamu za vita za Hollywood anajua kabisa anachotaniwa nacho.

MZAZI: Jikoni nawapeni. Kipande kile kina akili, sina ubishi. Lakini mmeniongezea hoja badala ya kuniondolea. Mtoto tusi asilolielewa linampita. Kiazi kilichochunwa uso hakimpiti, atakwenda nacho kitandani, na kesho yake hatakula chipsi. Kama filamu inatisha kiasi hicho, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutovaa sura ya watoto.

MHAKIKI: Hapo mama ana ushahidi mzuri kuliko anavyojua. Mwaka 1978 Waingereza walitoa Watership Down, katuni ya sungura wanaotafuta makazi mapya. Sungura wanararuana, damu inatiririka, mashimo yanajazwa mizoga. Bodi ya Uingereza ikaipa daraja la U, ruhusa kwa wote, ikiamini kwamba kuchorwa kunaondoa uhalisia wa kitisho. Watu wazima wa leo wa huko bado wanasimulia jinsi walivyolia ukumbini. Mwaka 2022 ndipo bodi ikaipandisha hadi PG (mwongozo wa mzazi), miaka 44 baada ya kuipitisha.

Ila funzo la hadithi hiyo ni kwa wakadiriaji. Watazame kilichochorwa, wasitazame tu kwamba kimechorwa. Halisemi sungura wale hawakustahili kuchorwa.

MZAZI: Wamejifunza, lakini? Sausage Party hiyohiyo Uingereza ilipewa 15. Marekani, 17 au uje na mzazi. Ufaransa, 12. Soseji moja, ngono moja, tofauti ya miaka mitano! Chama cha Promouvoir, kinachopigania maadili ya dini huko Ufaransa, kikaenda mahakamani kutaka umri upandishwe. Mwaka 2019 Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa ya mashauri ya utawala, ikauacha umri palepale kwenye 12. Hoja iliyobeba kesi ni kwamba wanaofanya mambo hayo ni vyakula, dunia ya kubuni, mzaha mtupu usiofanana na maisha. Sasa niambieni, hiyo si hoja ileile iliyowapitisha sungura mwaka 1978?

MHAKIKI: Inafanana kwa juu tu. Maumivu ya kiazi mtoto anayahisi, hata kama ni kiazi, kwa kuwa naye ana uso. Lakini mkate na soseji wakikumbatiana, mtoto wa miaka 12 anachokiona ni upuuzi, na ni upuuzi kweli. Wakadiriaji wa Marekani wenyewe walikwama hapohapo. Rogen amesimulia kwamba katika vurumai ile ya mwisho walitaka kitu kimoja kiondolewe, nywele za sehemu za siri za mkate bapa. Watu wameingia kwenye mvutano wakiwa tayari kupoteza tukio zima, wakatoka wamepoteza nywele.

MZAZI: Na hilo ndilo mnaloliita ukaguzi!

(Kwa ambaye hajaiona: vurumai hiyo ni sherehe ya ushindi. Vyakula vimewashinda binadamu dukani, na vinasherehekea kwa kuzini rafu kwa rafu, bila kujali jinsia, kabila wala tarehe ya kuharibika. Mwandishi wa makala haya ameitazama, na kwa maoni yake utani unaisha mapema, tukio lenyewe ndilo linaloendelea.)

MHAKIKI: Mama, tuseme umepewa kalamu ya bodi. Ungefuta nini? Maana tunao mfano wa jirani. Juni 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliagiza katuni sita zisionyeshwe kwenye televisheni za kulipia: The Loud House, Hey Arnold!, The Legend of Korra, Steven Universe, Clarence na Adventure Time. Tuhuma ilikuwa kueneza ushoga. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye uchi au matusi ya nguoni. Mlango wa kulinda watoto ukiachwa wazi, anayeingia mara nyingi si yule tuliyemtarajia.

MZAZI: Usinibebeshe mzigo wa bodi. Zile zilikuwa katuni za watoto kwenye chaneli za watoto, na mgogoro ulikuwa ni nini mtoto aelezwe kuhusu watu wa namna gani. Mjadala mkubwa, wa siku yake. Huku tuna katuni ambayo watengenezaji wenyewe wanaapa si ya watoto. Ukitaka kunipinga, nipinge kwa hii. Mtu akikosea kufunga dirisha, jirani yake hapati ruhusa ya kulala mlango wazi.

MHAKIKI: Haki yako. Lakini hujajibu ungefuta nini.

MZAZI: Nisingefuta. Ningeibadilisha sura, basi. Na tukifika kwenye kufuta, ngono isingekuwa ya kwanza kwenye orodha yangu. Ya kwanza ni ile habari ya wimbo.

Frank, soseji wetu, anagundua kwamba raha ya nje ya mlango ni uongo uliotungwa na bidhaa zisizooza. Chupa ya pombe kali na wenzake waliona vyakula vinakwenda kuchinjwa vikipiga mayowe, wakabuni miungu na pepo ili viende vikiimba. Yaani dini yote, ya kila mtu, ni dawa ya usingizi waliyopewa wanaokwenda kufa. Mtu mzima mwenye imani yake anacheka, anaendelea na maisha. Kijana wa miaka 14 aliyekuja kuangalia soseji inatukana, anatoka na somo hilo bila kujua amefundishwa.

MHAKIKI: Anatoka na nusu ya somo kama aliondoka kabla haijaisha. Frank akishaujua ukweli, anapanda mbele ya duka zima na kurasa za kitabu cha mapishi, anawaonyesha picha za ndugu zao waliopikwa, na anawaambia kwa kejeli kwamba wamekuwa wajinga. Nani anamfuata? Hakuna. Wanamkatalia, wanashikilia wimbo wao. Inambidi ajirudi, akiri kwamba alidharau wanachokiamini, ndipo wanaposimama naye. Sioni katuni nyingine ya Hollywood ya miaka ile iliyomchapa asiyeamini kwa kiburi chake namna hiyo. Wachekeshaji wengi wanaokejeli dini hawafiki hapo, wanaishia kwenye kurasa za mapishi.

MZAZI: Na mahali pa wimbo pakawekwa nini? Sherehe ile. Mungu ameondoka, kimebaki kiuno. Kama hiyo ndiyo hekima iliyokuwa imefichwa nyuma ya rafu, heri wangebaki wanaimba.

MCHORAJI: Kwenye hilo nipo na mama kwa mguu mmoja. Filamu inauliza swali kubwa na kulijibu kama mvulana wa bweni. Lakini mimi kinachonikwaza ni kingine, namna watu walivyogawanywa kwenye rafu. Begeli ni Myahudi mwenye wasiwasi wa kila kitu, mkate bapa ni Mwarabu anayenuna, wanagombania nafasi kwenye rafu moja, na kila mtu anajua mgogoro gani unaotajwa. Kabichi ya Kijerumani iliyochachushwa ni Manazi. Taco ni mwanamke wa Kimeksiko mwenye uchu. Chupa ya pombe kali ni mzee wa Kihindi Mwekundu wa kwenye sinema za kizamani, na anayemsemea ni Bill Hader, Mzungu kutoka Oklahoma.

MHAKIKI: Hakuna aliyesazwa, dada. Ndiyo usawa wenyewe.

MCHORAJI: Waliotaniwa ni wengi. Waliokaa kwenye chumba cha kuandika ni wanne, na ukiwatazama hawatoki kwenye rafu zote. Mwigizaji Salma Hayek wa Meksiko alijisemea taco yake, vizuri, angalau alikuwemo. Yule mzee wa pombe hakuwa na mtu wake hata kwenye maikrofoni. Utani wa watani una masharti kaka, na sharti la kwanza ni kwamba mtaniwa naye ana zamu.

MHAKIKI: Begeli na mkate bapa wanaishia wapendanao. Huo si upole?

MCHORAJI: Ni upole. Nao ndio uliowapa kazi ya ziada wachoraji, na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Mmezungumza juu ya nywele za mkate mkacheka. Nywele hizo kuna mtu alizitengeneza. Alikaa mbele ya skrini, akazipanda, akahakikisha zinafuata mwili unapotikisika, fremu 24 kwa kila sekunde, kisha akaambiwa azitoe. Jina lake mnalijua?

MZAZI: Sijui hata aliyetengeneza kiazi.

MCHORAJI: Hakuna anayejua, na si kwa sababu ya uvivu wetu tu. Filamu hii haikutengenezwa Hollywood. Ilitengenezwa Vancouver, Kanada, kwenye studio ya Nitrogen. Na hapa mama atashangaa: studio hiyo ndiyo iliyokuwa ikitengeneza Thomas & Friends ya kompyuta, treni lile la bluu la watoto wa chekechea. Greg Tiernan, mmoja wa waongozaji wawili wa Sausage Party, ndiye aliyekuwa akiongoza Thomas. Mwenzake, Conrad Vernon, alitoka kwenye Shrek 2. Mikono iliyolichora treni ndiyo iliyomchuna kiazi.

Bajeti ilikuwa dola milioni 19. Finding Dory ya mwaka uleule ilikula takribani milioni 200. Soseji zikaingiza zaidi ya milioni 140 duniani, na waongozaji wakasifiwa kwa kujua kubana matumizi. Siku chache baada ya filamu kutoka, watu waliosema walikuwa wachoraji wake wakaanza kujitokeza, wengi bila kutaja majina. Walidai walifanyishwa kazi za usiku na za mwishoni mwa wiki bila ovataimu, na walioondoka kabla ya mradi kwisha hawakuona majina yao mwishoni mwa filamu. Kampuni ikakana. Chama cha wafanyakazi cha Unifor kikapeleka malalamiko kwenye idara ya kazi ya jimbo la British Columbia. Mwaka 2019 uamuzi ukatoka, wachoraji walistahili kulipwa ovataimu yao. Wakati huo studio ilikuwa imeshanunuliwa na Cinesite.

Sasa mnaponiuliza uchafu wa filamu hii uko wapi, nina mahali pa kuanzia, na si kwenye soseji.

MHAKIKI: Ni jambo zito, na wahakiki tulistahili kuliandika mapema kuliko tulivyofanya. Lakini usiligeuze kuwa hukumu juu ya filamu. Wachoraji wa Disney waligoma mwaka 1941, Dumbo ikiwa bado mezani, na ndani ya Dumbo wamo wale wachekeshaji wa sarakasi wanaokwenda kudai nyongeza kwa bosi, ambao watazamaji wengi wameona ni kejeli kwa wagomaji. Hata hivyo Dumbo tunawawekea watoto kila siku. Mkate mzuri unaweza kutoka kwenye tanuri la mwajiri mbaya.

MCHORAJI: Dumbo haikuhubiri. Hii inahubiri! Hadithi nzima ni ya wanyonge walioambiwa wavumilie, waimbe, kuna raha mbele, huku wenye duka wakijua vizuri kinachowangoja. Na kwa maelezo ya waliolalamika, wao nao walitakiwa kuvumilia, wafanye kazi usiku bila ovataimu. Ukiandika hadithi ya namna hiyo, tanuri lako linakuwa sehemu ya hadithi, upende usipende.

MHAKIKI: Waandishi hawakuendesha studio.

MCHORAJI: Rogen na wenzake hawakuendesha studio, kweli, na sijamtaja yeyote kati yao. Nasema tu kwamba tumebishana saa nzima juu ya miaka 12, 15 na 17, na bodi zote hizo hazina daraja la kuonyesha kama waliochora walilipwa.

MZAZI: Jambo la ajabu ni kwamba hapa nimejikuta upande wako, binti yangu. Filamu nisiyotaka iingie kwangu, nataka walioitengeneza walipwe hadi senti ya mwisho.

MHAKIKI: Na fedha za kuwalipa zinatoka kwa wanaonunua tiketi, mama. Wangesikiliza wanaosema isitengenezwe, kusingekuwa na ovataimu ya kugombania wala kazi yenyewe.

MZAZI: Sikusema isitengenezwe, nilisema isijifanye Nemo. Halafu hiyo habari ya tiketi inapitwa na wakati. Mwaka 2024 wameirudisha kama mfululizo, Sausage Party: Foodtopia, kwenye Prime Video. Hapo hakuna ukumbi, hakuna mkata tiketi. Soseji ina macho yaleyale, kwenye skrini ileile wanayoangalia watoto wangu, na ulinzi uliobaki ni namba ya siri ninayotakiwa kuiweka mimi.

MHAKIKI: Maana yake bodi sasa ni wewe. Si ndicho ulichokuwa unakitaka?

MZAZI: Ndicho, na nimeshaketi. Uamuzi wa bodi yangu ni miaka 16, na mwanangu akifika tutaangalia naye kipande cha jikoni, nimweleze kwa nini inatisha. Ile ya mwisho hapana.

MCHORAJI: Na majina mwishoni, mama?

MZAZI: Majina tutayasoma. Yaliyomo.

MHAKIKI: Utakuwa umemwonyesha kijana nusu ya filamu, na nusu uliyomnyima ndiyo inayojibu aliyouliza kiazi.

MZAZI: Kiazi hakuuliza kitu, kaka. Alikuwa anaimba.